Dawa ya Chini ya Kiti

Kazi nimeiacha mwezi uliopita. Barua sikuandika, magoti ndiyo yaliyosema. Vijana wa yadi wakaniambia, "Mzee Funguo, yale unayotusimuliaga yaandike, tusije tukayasahau." Nikawajibu kwamba shule mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulisoma, nililitembelea tu. Wakasema andika hivyohivyo. Basi haya, daftari la mjukuu wangu hili hapa. Kurasa za mbele ni zake, kuanzia hapa ni mimi, na mwenye kuona makosa ya maandishi amlaumu mwalimu wangu, kama bado yuko hai.

Jina langu Salum, mtu wa Buguruni. Nimekuwa mshika funguo wa yadi ya kuegesha magari hapa Kariakoo, ile ya nyuma ya maduka ya vitambaa ukiwa unatokea mtaa wa Gerezani. Kwa asiyeijua kazi hii, anaona ni kukaa kwenye benchi. Ni kweli tunakaa. Lakini yadi ile ukiyapanga magari kistaarabu inachukua ishirini, na sisi tunaingiza thelathini na zaidi. Gari linaziba gari. Wa ndani akitaka kutoka, inabidi watatu wa nje wasogezwe. Ndiyo maana kila anayeingia anatuachia ufunguo. Anayekataa, tunamwambia aache gia huru na asivute breki ya mkono, tutalisukuma kwa mabega. Mimi bega la kulia liko chini kuliko la kushoto, na daktari aliniuliza kama nilikuwa napiga ndondi.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa ubao. Aliyenikabidhi ni Mzee Kibwana, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye kofia iliyokuwa nyeupe zamani. Ubao mnaujua, bado upo: kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha mtu, kimegongwa misumari kwa mistari, na kila msumari una namba. Namba zenyewe aliziandika kwa rangi ya kucha, maana ndiyo rangi iliyokuwa karibu. Mke wake wa pili hakufurahi.

Mzee Kibwana alinipa mambo mawili. La kwanza alisema, "Salum, usiandike jina la mtu, andika namba. Mwizi akiubeba ubao aondoke na namba, akahangaike nazo." Hilo nimelifuata mpaka siku ya mwisho na sijalijutia. La pili alisema, "Usiulize kilichomo ndani ya gari. Ukijua, siku kikipotea wewe ndiye wa kwanza kushikwa." Hilo nalo nililifuata. Nitawaeleza lilinifikisha wapi, ila kwanza niwape picha ya kazi.

Watu wanaacha vitu kwenye magari hamwezi kuamini. Nimewahi kumkuta jogoo amekaa kiti cha dereva, ametulia kama anasubiri abiria, na viti vyote kavichafua. Nimewahi kukuta samaki wa soko la Feri, siku ya tatu. Mteja mmoja alimuacha mama mkwe wake siti ya nyuma, kalala, mpaka adhuhuri. Alisema alimsahau. Sikuuliza.

Sasa msumari namba saba ulikuwa wa Bhai Jayanti. Huyu ni Mhindi wa hapahapa, amezaliwa ghorofani juu ya duka analouzia vitenge, na Kiswahili chake ni cha Kariakoo kuliko changu. Tulikuwa rika moja. Akifika asubuhi ananirushia ufunguo kabla hajazima redio.

"Salum, umeamka?"

"Nimeamka Bhai, ila mwili bado uko Buguruni."

"Uite basi, magari yanaingia."

Ndivyo tulivyoishi. Halafu siku moja waporaji walimvamia mlangoni kwake wakati anafunga duka, wakampiga usoni, akabaki na kovu juu ya jicho. Alipopona akaenda kuomba kibali cha kumiliki bastola. Alizungushwa, akajaza makaratasi, akahojiwa, mwishowe akapewa. Mkewe, Hansaben, alijua kwamba aliomba. Hakujua kwamba alipewa. Mama yule alikuwa hataki kusikia habari ya silaha, hasa pale dukani ambapo kila asubuhi anawasha ubani mbele ya picha za miungu yao. Kwa hiyo nyumbani Bhai aliifungia kwenye kabati la chuma, akamwambia mkewe ni makaratasi ya duka. Asubuhi anaichukua, inapanda gari, inakuja mpaka yadi. Hapo ndipo inaposhinda, chini ya kiti cha dereva, imeviringishwa kwenye taulo la kijani. Mnaweza kuuliza, bastola inayoshinda yadi inamlinda nani dukani? Na mimi nilijiuliza. Lakini nilishafundishwa kutouliza.

Aliniambia mwenyewe, siku ya kwanza, ameniinamia dirishani. "Salum, chini ya kiti changu kuna dawa. Unanielewa?"

"Dawa?"

"Dawa kali. Ile niliyokuwa naifuatilia." Akagusa kovu lake.

Nikamwambia nimekuelewa, Bhai. Na ukweli niuseme, maana nimeshazeeka na sina wa kumficha: nilijisikia mtu. Miaka yote ile mimi ni wa kushika funguo, leo nimeshikishwa siri. Nikawa nikipita karibu na lile gari naligonga kidogo kwenye bodi, kama unavyomgusa ng'ombe wako. Mjinga mimi.

Yadini kulikuwa na dada mmoja anaosha magari, Chausiku, mama wa watoto watatu, mwenye mdomo mkali na mikono misafi. Mpaka leo yupo. Anatoa mikeka yote, anapiga brashi chini ya viti, gari linarudi linanukia. Nikamwambia, "Chausiku, namba saba usishike chini ya kiti cha dereva. Kuna dawa ya Bhai." Akasema sawa. Kila mtu alijua Bhai ana kisukari na anajichoma sindano, kwa hiyo neno dawa halikumshtua mtu. Tena tulijiona wajanja kwa kulichagua. Neno zuri, limejificha mchana kweupe.

Basi ikaenda hivyo mwaka mzima.

Siku yenyewe ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama juu ya vichwa, yadi imejaa. Bhai alikuwa amefunga, wana mifungo yao wale. Simu yangu ikaita. Hansaben. Huyu mama alikuwa hanipigii kamwe.

"Salum! Dawa ya Bhai iko kwenye gari! Ilete haraka, haraka Salum!"

Nyuma yake nasikia kelele, vitu vinaanguka, wanaume wanapiga ukelele: "Mshikeni! Mshikeni!" Halafu simu ikakatika.

Nyie ni watu wa Kariakoo. Mtu akipiga ukelele wa mshikeni, mnaelewa nini? Ni mwizi. Mimi nikajua wamerudi wale wale, wako dukani, na Bhai amemwambia mkewe aniite nilete ile dawa. Sikuwaza mara mbili. Nikautoa ufunguo kwenye msumari wa saba, nikafungua, nikaingiza mkono chini ya kiti, nikalikwapua lile taulo.

Chausiku alikuwa kalowa mpaka magotini anaosha gari la jirani. "Mzee, na taulo mbio unaenda kuoga wapi?"

"Dawa ya Bhai!"

"Hiyo nzito hiyo ni dawa?"

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu, kandambili miguuni, bastola ya mtu mwingine kwapani, nakata Mtaa wa Kongo saa sita mchana. Wanaoujua mtaa ule wanajua hapakimbiliki. Unapita kati ya meza za sidiria na mabeseni, wenye mikokoteni wanakupigia miluzi, mtu anakuvuta shati, "Baba, suruali ya mjomba hii!" Nilimgonga mama mmoja mwenye ndoo ya maandazi, akanitukana mpaka ukoo, na mimi nasema samahani huku nalikaza taulo lisifunguke. Leo nikikumbuka, nachokiogopa zaidi si waporaji. Ni vile nilivyokuwa nalibana taulo lile kwa nguvu zote, sijui kidole changu kilikuwa wapi.

Nikafika dukani. Hakuna mwizi.

Bhai Jayanti alikuwa amelala juu ya marobota ya vitenge, shati limelowa jasho, macho yako wazi lakini hayaoni. Wafanyakazi wawili wamemshika mabega. Yule "mshikeni" alikuwa ni yeye, walikuwa wanamdaka asianguke chini. Alijichoma sindano yake asubuhi kama kawaida, halafu akafunga, hakula kitu. Sukari ikashuka. Na dawa aliyoisema mkewe ni pakiti ya glukosi aliyokuwa anaiweka kwenye deshibodi kwa ajili ya siku kama ile. Hansaben mwenyewe ndiye aliyeinunua. Iko deshibodini, mkono wangu ulipita karibu nayo.

Hansaben akanipokonya taulo. Akalifungua juu ya meza ya kukatia vitambaa, anatafuta pakiti. Nikaona mikono yake inasimama.

"Salum. Nini hii?"

"Dawa," nikasema. Kwa Mungu, ndicho nilichosema.

"Dawa gani hii, Salum?"

Mdomo wa bastola ulikuwa unamtazama kijana aliyemshika Bhai, na yule kijana hawezi kusogea kwa sababu akimwachia Bhai ataanguka. Nikaigeuza ielekee ukutani, kwa kutumia taulo, kama mtu anayegeuza sufuria la moto. Bhai akakoroma, sauti ambayo sijaisahau. Midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Nikahesabu kichwani: kwenda yadi, kurudi, na ule mtaa. Nikajua sitawahi.

Aliyetuokoa ni Hansaben. Aliiacha bastola palepale mezani, akatoka mlangoni, akamnyang'anya muuza miwa bilauri iliyokuwa mkononi mwa mteja. Mteja akasema, "Mama vipi!" Hakumtazama. Akarudi, akamwinua mumewe kichwa, akamnywesha juisi ya miwa kidogokidogo, tone kwa tone, maana alikuwa bado anameza. Muuza miwa mwenyewe akaja na ya pili bila kuulizwa. Muda wote ule mimi nimesimama kati ya meza na watu, mikono nimeitanua kama kipa, asije mtu akaigusa ile kitu. Ndiyo kazi pekee ya maana niliyofanya siku ile.

Ikapita kama robo saa. Macho ya Bhai yakaanza kuona. Akamuona mkewe, akaona bilauri, halafu akaniona mimi, halafu akaona meza.

"Nani kakwambia ulete hiyo?"

"Wewe, Bhai. Ulisema dawa."

Alifumba macho. Alipoweza kukaa, akaiomba bastola, akaielekeza kwenye robota, akatoa magazini yenye risasi, halafu akavuta sehemu ya juu. Ikaruka risasi moja nyingine iliyokuwa tayari ndani, ikagonga sakafu, ikabingirika mpaka kwenye kandambili yangu. Nilikuwa nimeikimbiza hiyo Mtaa mzima wa Kongo.

Niliporudi yadi, Chausiku alikuwa ameshasikia. Kariakoo habari inafika kabla yako. Alikuwa amekaa kwenye ndoo aliyoipindua, hafanyi kazi.

"Mzee Salum, ilikuwa ni bastola?"

"Ndiyo."

"Mwaka mzima?"

"Ndiyo, Chausiku."

"Uliniambia nisiguse. Lakini mimi naosha gari, kile kiti kinajaa mchanga. Kila wiki lile taulo nalitoa, napiga brashi, nalirudisha. Siku nyingine nalikung'uta." Akanionyesha kwa mikono alivyokuwa anakung'uta. "Ungewaambia nini wanangu? Kwamba mama yenu kauawa na dawa?"

Nilitaka kusema Mzee Kibwana alinifundisha nisiulize. Lakini mimi nilikuwa najua. Sikuhitaji kuuliza. Nilichokifanya ni kumficha yeye, ili nibaki na utamu wa kuaminiwa. Nimemheshimu Mzee Kibwana maisha yangu yote na bado namheshimu, lakini lile la pili alilonifundisha lilikuwa la kumlinda mshika funguo peke yake. Muosha gari halikumlinda.

Kesho yake Bhai alikwenda mwenyewe kituoni kueleza yaliyotokea. Alikaa huko tangu asubuhi mpaka alasiri. Na mimi niliitwa, nikahojiwa, nikaonywa, nikarudi nyumbani. Bhai hakunisimulia yote aliyoambiwa, ila alikuja na hili: kwamba silaha ni ya mwenye kibali, siyo ya mwenye ufunguo wa gari. Mimi nikautazama ubao wangu. Siku nzima niliutazama.

Hansaben naye alitoa masharti yake. Nyumbani kabati la chuma libaki, na yeye ajue kilichomo. Siku za kwenda hekaluni bastola ibaki hukohuko kabatini. Na kama ni lazima itembee na gari, isikae tena kwenye taulo. Ndipo Bhai akanichukua tukaenda Gerezani kwa fundi mmoja wa kuchomelea, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

Fundi akauliza, "Sanduku la nini?"

Bhai akafungua mdomo, nikaona neno linakuja. Akalimeza. "Bastola," akasema.

"Afadhali umesema. Ningekuwekea matundu ya hewa."

Niwaeleze sanduku lile, maana wengi mmeniuliza. Ni chuma kinene, siyo bati. Limekaa chini ya kiti, limefungwa kwa bolti nne kwenye sakafu ya gari, na nati ziko upande wa ndani ya sanduku, kwa hiyo bila kulifungua huwezi kuling'oa. Bawaba nazo zimefichwa ndani. Ndani kuna sponji, bastola isigonge ikatangaza. Kufuli halining'inii nje, limezama kwenye kifuniko. Fundi alimwambia Bhai, "Mimi nimekufanyia chuma, akili lete mwenyewe. Mtu akipewa usiku mzima na msumeno, hakuna sanduku. Hapa ni pa mchana penye watu, siyo pa kulala."

Akili aliileta. Alikuwa anaitoa risasi zote kabla, na ile ya ndani akiitazama kwa macho na kwa kidole. Risasi zikawa hazilali chumba kimoja na bastola. Tena alikuwa anaifungia akiwa kwake, getini, kabla hajatoka. Alishajifunza kwamba ukiegesha Kariakoo ukainama chini ya kiti, macho kumi yameshakuona na matano yameshakuelewa. Jioni akiondoka inaondoka naye. Gari likienda kwa fundi wa breki au kuoshwa kwa kina, sanduku linakuwa tupu, na anamfungulia Chausiku aone kwa macho yake. Wiki ya kwanza Chausiku alichungulia kama anachungulia kisima.

Sasa nifike kwenye lile lililonisumbua kuliko mbio za Mtaa wa Kongo. Sanduku lilikuja na funguo mbili. Mwezi mmoja baadaye Bhai alikuja kwenye benchi langu, akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniwekea ufunguo mmoja kiganjani.

"Huu uutundike saba, pamoja na wa gari. Mimi sukari yangu unaijua. Siku nikianguka njiani, awepo mtu. Nakuamini, Salum."

Ulikuwa mdogo, wa njano, bado una vumbi la tupa. Jamani, mtu asikwambie kuaminiwa ni kitu chepesi. Nilikuwa nimemkimbizia mtu kifo dukani kwake badala ya glukosi, na bado amekuja kukaa kwenye benchi langu. Nilitamani kuupokea kuliko nilivyotamani vitu vingi. Nikamrudishia.

"Umenikatalia, Salum?"

"Nimekukatalia, Bhai. Glukosi nipe, nitakuwekea hapa kwenye droo. Huu mpe ndugu yako mwenye kibali, au utupe baharini."

Hakufurahi. Kwa wiki nzima alikuwa ananipa ufunguo wa gari mkononi kimyakimya, bila kunirushia. Halafu asubuhi moja ukaruka tena, "Salum, umeamka?" na pakiti ya glukosi ikafuata nyuma yake, ikanipiga kifuani. Pakiti ile tuliibadilisha kila ilipokwisha muda wake, na mara mbili ilimsaidia. Bastola haikumsaidia hata mara moja, na miaka michache baadaye, mikono ilipoanza kumtetemeka, akairudisha kwa wakubwa kwa utaratibu wao. Duka sasa liko mikononi mwa mwanawe. Bhai mwenyewe anakuja kukaa tu, na kunywa miwa asiyotakiwa kunywa.

Siku yangu ya mwisho nilimkabidhi ubao Chausiku. Kuna waliosema mwanamke hawezi kusukuma magari. Waliosema hivyo hawajamuona akisukuma. Tulikuwa tumekaa benchini, namwonyesha msumari uliolegea, ikaingia gari jeusi, safi, vioo vya giza. Akashuka kijana mmoja, shati lililopigwa pasi vizuri.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akamnyooshea Chausiku ufunguo, halafu akashusha sauti na kumkonyeza. "Mama, mle ndani kuna mzigo wangu kidogo. Unanielewa?"

Maneno yaleyale, na tabasamu lilelile la kukufanya ujisikie mtu. Nikataka kuingilia. Chausiku akanikanyaga mguu.

"Sikuelewi," akamwambia.

"Mzigo, mama. Kitu changu."

"Kina jina?"

Kijana akatazama nyuma, akatazama upande. Akamsogelea sikioni. Akalitaja.

"Kibali unacho?"

"Ninacho."

"Sanduku la chuma unalo mle ndani?"

"Sina. Nimefunika na gazeti."

Chausiku akauweka ufunguo wa gari lile kwenye kiganja chake yule kijana, akavikunja vidole vyake juu yake, taratibu, kama mtu anayempa mtoto peremende.

"Basi leo hatukupokei, baba. Geuza gari, irudishe kwako ukaifungie, kisha uje, nafasi nakushikia. Na Gerezani pale kuna fundi wa miwani ya waya. Ukifika kwake mtajie jina la hicho kitu, ulivyoniambia mimi."

Kijana akaondoka amenuna. Chausiku akaugonga msumari uliolegea kwa jiwe, mara tatu, akaacha msumari mmoja wazi.